Karatasi ya Majuto ya Tacy Embree

Miaka kumi na mmoja baada ya Mkutano wa Wakweka, Wakristo wasiokubali wachungaji wa kulipwa wala kuoana na watu wa nje, kumkana, Tacy Embree aliamua kurudi. Kosa lake lilijulikana Chester nzima, Pennsylvania: aliolewa na Conrad Huber, Mjerumani wa kinu cha unga, Mlutheri, mbele ya mchungaji wa mshahara. Ibadani aliruhusiwa kuja, akakaa benchi la nyuma na kunyamaza pamoja na wenzake. Mashauri ya Mkutano yakianza, anatolewa nje. Waraka wa kumkana uliandikwa na karani wa akina mama, na karani alikuwa Phebe, mama yake mzazi.

Sasa Phebe anakohoa damu, anataka kufa mwanawe akiwa amerudi ndani ya Mkutano. Njia ni moja: Tacy aandike karatasi ya kulaani alichokifanya.

Aliandika kwamba anasikitika kuwahuzunisha wenzake. Ruth Passmore, mjumbe wa Mkutano, akairudisha.

"Hapa umetuhurumia sisi tu, Tacy. Ndoa umeizunguka."

"Ruth, mkate unaotafuna unga wake kausaga Conrad. Nimlaani vipi?"

"Mama yako hana muda."

Conrad akacheka pale mekoni. "Waandikie, mke wangu. Mimi Kiingereza sikisomi, na wino hauumi."

Akaandika. Ibada ilipokwisha Ruth akaisoma, Tacy amesimama: anailaani ndoa yake, laiti asingeifunga. Ikapokelewa. Phebe akajisogeza kwenye benchi la mbele, akampa nafasi, akalia.

Nyumbani Conrad alikuwa mezani.

"Nisomee na mimi. Kwa Kijerumani."

"Ni maneno ya Mkutano tu, Conrad."

"Kanisa zima limeyasikia. Mimi ndiye ninayesemwa."

Kijerumani chake alifundishwa na Conrad, cha jikoni na cha kitandani. Maneno ya waraka hakuwa nayo. Alitafuta lililo laini, akakosa. Akasema, "Laiti nisingeolewa na wewe."

Conrad akauliza:

"Mama amefurahi?"

"Amelia."

"Vizuri."

Hakugomba, wala hakuhama. Ila tangu siku ile hakumsemesha tena Kijerumani. Alimsemesha Kiingereza, kile kibovu alichowasemeshea wateja wa kinuni.