Kibali Nilikuwa Nacho, Lakini Si cha Migomba

Admin, ficha jina langu, kwa sababu ninayemzungumzia hapa ana mjukuu anayesoma ukurasa huu.

Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na nne, wa Bumula kule Bungoma, lakini huu ni mwaka wa saba nafanya kibarua cha shamba huku Endebess, kaunti nyingine. Shule niliachia darasa la sita. Mgongo umechoka, ndiyo maana nikaanza kuuza miche ya migomba kwa mtandao. Mwajiri wangu aliniruhusu ning'oe machipukizi pembeni mwa shamba lake. Jamaa wa saiba, duka la intaneti pale Kitale, aliyapiga picha akaziweka mtandaoni.

Watu wakauliza kama niko na leseni. Nikaenda kanjo, ofisi za kaunti, nikalipia kibali cha biashara, tukaweka picha yake pia. Jamaa wa saiba akanicheka, "Bana, sasa wewe ni kampuni." Wateja wengi walikuwa wa Bungoma. Wa kwanza alikuwa senge, ndivyo kwetu tunavyomwita shangazi, dada ya marehemu baba, anayekaa Matulo. Alichukua mitano.

Mwezi uliopita akanipigia. "Mwana wa ndugu yangu, migomba miwili imegeuka manjano, imelala. Ama uliniuzia maiti?" Nilicheka naye, nikasema ni jua.

Wiki hii nilirudi kanjo kulipia kibali upya. Karani akakisoma, akaniangalia.

"Hii ni ya biashara. Ya wakaguzi wa mimea iko wapi? Si unajua miche haivuki kaunti bila kukaguliwa?"

Nikamwambia nitaleta. Nilienda moja kwa moja hadi pale nilipong'oa ile miche, nikakata shina moja kwa panga. Likatoa usaha wa manjano, ule ugonjwa wa mnyauko unaosambaa kwa miche.

Mnajua kwetu chipukizi la mgomba halinyimwi jirani. Niliowauzia nawajua wote. Waliopewa bure na hao siwajui, na kila mmoja wao ana jirani.

Leo asubuhi senge amenitumia ujumbe. Ile mitatu iliyobaki imetoa machipukizi mazuri, ameyang'oa. Kesho anayapeleka kanisani yagawiwe watu, na ameshamwambia pasta kwamba yana leseni.

Nikienda kwa wakaguzi, watang'oa migomba ya watu wetu na mimi nitashtakiwa. Nikinyamaza, mnaona wenyewe yanakoenda. Simu iko mkononi tangu asubuhi na sijapiga. Wewe ungekuwa mimi, ungemwambia senge nini? Nijibuni leo, ibada ya kesho inaanza saa tatu asubuhi.