Bunduki ya Harusi Yangu

Kuna Ijumaa moja ya ujana wangu haijanitoka kichwani, mwanangu, na jana uliponyanyua sauti simuni ukibishana na wenzako juu ya haki ya silaha kwenye katiba ya Marekani, ilinirudia.

Sisi nasi tuliibishania haki hiyohiyo ya raia kuwa na silaha, hapahapa mjini kwetu Bawshar, nyumbani kwa ami yangu. Nilikuwa nimemposa binti yake, Rahma, harusi ilibaki wiki mbili. Kaka yake, Salim, alikuwa amerudi kutoka Marekani alikosomea sheria. Mimi nilikuwa nimesoma kitabu kimoja, basi nikajiona mwanachuoni.

"Walioandika walikusudia jeshi la raia, la kulinda miji yao," alisema Salim. "Si kila mtu na bunduki yake chumbani."

"Wameandika haki ya watu," nikamjibu. "Na watu ndo mimi na wewe."

Alicheka. "Umesoma kurasa mbili, leo unataka kutusomesha."

Wazee waliokuwapo wakacheka naye. Nilihisi masikio yanawaka. Ukutani ilitundikwa bunduki ya babu, na kwetu haikuwa ikishushwa ila kwa Iddi na harusi, tena kwa idhini ya mwenye nyumba. Nikaishusha bila kumwomba mtu. Nilitaka kuonesha tu haki yenyewe inavyoshikwa, lakini nilipogeuka, mdomo wa bunduki ulimwelekea Salim kifuani. Kicheko kikakatika. Salim hakusogea hata kidogo.

Ami aliinuka taratibu, akaichukua mikononi mwangu, akaifungua. Mlikuwa na risasi. Niliitia mwenyewe, siku tulipokwenda kuijaribu nyuma ya milima ya Qurayyat kwa ajili ya harusi yangu, nikasahau kuitoa.

Aliiweka ile risasi juu ya sinia ya kahawa.

"Mie nna binti mmoja tu," alisema, wala hakunitazama. "Simtii nyumbani kwa mtu anayeshika bunduki akishindwa maneno."

Harusi haikuwa. Niliomba radhi, nikasamehewa, lakini Rahma aliolewa na mwengine, na kila Iddi nampa mkono mumewe. Bado naona haya, sikufichi.

Mwanangu, bishana. Soma uyajue waliyokusudia watu wa kale, na usione aibu kusema hujui. Lakini ukichekwa, na mkono ukaanza kutafuta kitu cha kushika, toka nje ukanawe uso, waache wenzako waseme umeshindwa.

Mwenyezi Mungu akupe ulimi laini na moyo mpana, na akuozeshe yule unayempenda.