Tambarare ya Baba

Siku ile tulikuwepo mimi, wadogo zangu wawili, shangazi aliyetuazima kikapu cha mbegu za maharage, na kamanda wa waasi walioshika mji wa Butembo, pamoja na askari wake. Kamanda alitaka uwanja wa golfu kwenye kilima chetu. Alisema njia nzuri ya golfu haipandi mlima moja kwa moja. Inauzunguka polepole, na katikati mchezaji anapata tambarare ya kupumzisha miguu. Kisha akasimama ndani ya maharage yetu, yakiwa na maua.

"Muone, Mungu alisha kututengenezea hapa."

"Mukubwa, si Mungu," nikamwambia. "Ni baba yetu alichimba hapa na jembe, mbele ya kufa."

"Donc, basi baba yako alijua golfu."

Askari wakacheka, wakaanza kung'oa.

Hasira yangu haijapoa. Mlima ule haukuwa na tambarare. Baba aliichonga ili tule. Wadogo zangu walilala njaa msimu mzima, na hakuna mpira hata mmoja uliopigwa pale, kwani waasi walihama kabla nyasi hazijaota. Shamba nimelilima upya. Kikapu cha shangazi bado sijakirudisha.