Nilivyojaza daftari la watazamaji wa TV nikiwa Mbamba Bay, na nilichokikuta Ukata

Wakuu, habari za humu. Hili nimekaa nalo muda mrefu, hata mke wangu sijamwambia. Naliandika kama lilivyokuwa na sitajipendelea.

Mnasikia wanasema kipindi fulani kinaongoza kwa watazamaji. Huku Mbinga mimi nilikuwa mmoja wa wanaoikusanyia kampuni ya utafiti hizo hesabu. Unapewa orodha ya nyumba, kila nyumba unaacha daftari la wiki moja. Kila mtu ana safu yake, siku imekatwa robo saa robo saa, aliyekaa mbele ya TV anaweka tiki. Jumatano unarudi kukagua, Jumatatu unachukua.

Nyumba mojawapo ilikuwa ya Mzee Osmund, mkulima wa kahawa huko Ukata, TV ya sola. Alilipokea lile daftari kama cheti cha ubatizo. Akaniuliza, akisinzia kwenye kiti aweke tiki au asiweke? Nilicheka, nikamwambia asiweke. Nikaahidi Jumatano nipo.

Mvua ikashika. Nilikuwa Mbamba Bay kwenye nyumba za ziwani, samaki mbasa wa kukaanga yuko mezani, nikajiambia Ukata ni matope tupu haipitiki.

Uongo. Pikipiki ya kampuni ilikuwa na matairi ya matope, na nilishapita njia mbaya kuliko ile. Ulikuwa uvivu tu, wakuu.

Sikwenda Jumatano, wala Jumatatu. Nilichukua daftari jipya nikajaza mwenyewe: mama tamthilia, baba taarifa ya habari saa mbili, kila siku. Nilibadilisha hadi kalamu ili ionekane kweli. Nikapiga picha kurasa, nikatuma. Supavaiza akajibu kazi nzuri.

Wiki iliyofuata nikapanda Ukata kuchukua daftari halisi nikalichome.

Nilikuta TV imefunikwa kitenge, watu wamekaa kwenye mikeka. Mzee alizikwa Ijumaa.

Tumbo lilimshika Jumanne. Bodaboda wa kijiji waliikataa njia. Wanawe wakataka kumbeba kwa machela, akagoma, akasema yule kijana wa daftari anakuja kesho na pikipiki yake ni ya matope, wasisumbue watu kwenye mvua. Jumatano wakasubiri mpaka giza likaingia. Alhamisi asubuhi wakambeba. Hawakufika kituo cha afya.

Mkewe hakunilaumu. Bora angenitukana. Alinipa daftari limefungwa kwenye nailoni lisilowe.

"Alitaka ulikute vizuri, mwanangu. Njia ilikushinda, eeh?"

Nikasema ndiyo, mama.

Ukurasa wa Jumatano hauna tiki hata moja. Ameandika kwa mkono wake: TV imezimwa. Naumwa. Tunakungoja.

Niliposhuka Mbinga nilimpigia supavaiza nikamweleza yote. Akasema data imeshaingia, nyumba moja haibadilishi kitu. Kazi niliiacha mwezi uleule, lakini hesabu haikufutwa. Kwao mpaka leo Mzee Osmund alitazama taarifa ya habari Alhamisi saa mbili, akaimaliza.

Nilichojifunza ni kimoja. Ukimwambia mtu utakuja siku fulani, nenda, maana hujui yeye ameitegemea kwa lipi.

Daftari ninalo hapa ndani. Yule mama bado anaamini njia ilinishinda. Nirudi nikamwambie ukweli, au nitakuwa namfungulia msiba upya? Semeni wakuu, na msinionee huruma.