Sifa za Gitaa Nilizopokea Butihinda

Jamani, mnicheke taratibu. Juzi nilitoka Itaba na pedali yangu mpya ya gitaa, ile ya kukanyaga kubadili milio, kwenda Butihinda kwenye harusi ya dada yangu, ya kwanza tangu turudi kutoka Tanzania. Mama Furaha, Mkongo muuza vitenge, alipiga gitaa la pili nyuma yangu. Muziki ukatoka mtamu ajabu. Nikafumba macho, nikainama kupokea vigelegele vya wakwe.

Mchungaji, ndugu wa bwana harusi, akasema, “Shemeji, sasa tupigie peke yako.”

Nikapiga. Kimya.

Mama Furaha akachungulia pedali. “Kaka, hii pedali iko kwa sehemu ya kurekebisha nyuzi toka mwanzo. Ikiwa hapa, sauti ya gitaa haitoke. Ile yote mulisikia, ni mi nilikuwa napiga.”