Nilimwibia Mtani Wangu Vita

Jamani, jina langu msiniulize. Wa Newala watanijua hata bila jina, maana mzee anayekwenda palizi ya mikorosho na medali mbili kifuani ni mmoja tu, na ndiye mimi.

Nimekosa! Nimemkosea mtu ambaye hakuwahi kunikosea, na nimefanya hivyo huku nacheka. Nimeshindwa kulimeza, nimeona nilitapike hapa.

Mimi ni mwanajeshi mstaafu. Nilikwenda vita ya nduli, ile ya mwaka sabini na nane, nikiwa kijana sina hata ndevu. Kutoka huku kwetu tulikuwa wawili katika platuni moja, mimi wa Mnyambe na mwenzangu wa Chiwata kule Masasi, ambaye nitamwita Baba Zuhura kama watu wote walivyomwita.

Sasa, ukoo wetu na ukoo wa Baba Zuhura ni watani tangu mababu. Kwa msiotujua, utani wetu si maneno matupu. Mtani anaingia kwako, anakamata kuku, anachinja, na wewe mwenye kuku unaitwa uje ule paja. Ukinuna, mkosaji ni wewe! Na siku ukifa, mtani ndiye anayevaa shati lako na kuigiza ulivyokuwa ukitembea, ili wafiwa wacheke kidogo machozi yapungue.

Mimi na Baba Zuhura tuliutumia utani huo mpaka ukachakaa. Nilimchukulia jogoo, koti, mpaka redio. Yeye aliwahi kupanda bodaboda kutoka Chiwata, akaingia jikoni kwangu, akabeba tenga zima la samaki wakavu huku anapiga kelele njia nzima: "Nimemwibia Mmakonde! Njooni mkamtetee!" Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini.

Basi turudi vitani. Siku moja tulishambuliwa kwenye kinamasi, mvua inanyesha, matete yamezidi urefu wa mtu. Luteni wetu akapigwa risasi ya paja. Aliyemnyanyua na kumbeba mgongoni kuvuka kile kinamasi ni Baba Zuhura. Mimi nilikuwa nyuma yake. Kazi yangu ilikuwa kubeba viatu vya luteni.

Ndiyo, viatu! Msicheke. Au chekeni tu, nimeshazoea.

Tuliporudi nyumbani nilisimulia ukweli. Lakini simulizi ya viatu, jamani, haina wasikilizaji. Mwaka wa kwanza nilibeba viatu. Baadaye nikabeba viatu na miguu iliyokuwa ndani yake. Mikorosho niliyopanda nilipotoka jeshini ilipoanza kuzaa, nilikuwa nimeshambeba luteni mzima mzima, na bunduki yake, na ya kwangu. Baba Zuhura akinisikia anapasuka kwa kicheko: "Mtani wangu huyu, kuku kaniibia, koti kaniibia, sasa kaniibia na vita!"

Naye luteni mwenyewe alishafariki zamani. Nani wa kunipinga?

Tatizo lilikuwa medali. Siku waliyogawa medali kambini, mimi na Baba Zuhura tulikuwa wodini, malaria imetulaza kitanda kwa kitanda. Medali zetu zikarudishwa zilikotoka, na kumbukumbu zetu zikapotelea huko huko. Kwenye karatasi za serikali, sisi wawili ni kama tulikwenda kutembea.

Mtasema medali ni chuma tu. Njooni siku ya mashujaa muone! Wenye medali wanakaa mbele chini ya turubai, viti vyenye mito, soda ya baridi mkononi. Tusio na medali tunapangwa nyuma kwenye benchi, tunaletewa maji, tena tunaambiwa tugawane. Mgeni rasmi akishuka kwenye gari anasalimia vifua, hasalimii watu. Kuna mzee mmoja yeye vitani alikuwa fundi cherehani, alishona vifungo vya suruali mwanzo wa vita mpaka mwisho, lakini medali anayo. Anakaa mbele! Ananipungia mkono!

Baba Zuhura hayo hayakumsumbua. Ila alikuwa na neno moja. "Mtani, mimi kukaa mbele sitaki. Nataka Zuhura akibaki peke yake awe na kitu cha kushika, aseme baba yangu alikwenda." Zuhura ni binti yake wa pekee, ana kibanda cha chapati pale Chiwata.

Ndipo likaja tangazo. Wastaafu ambao kumbukumbu zao zina kasoro wafike Masasi mjini, kuna maofisa watawasikiliza. Kila mtu aje na shahidi wa platuni yake. Tukafurahi kama watoto! Mimi ningekuwa shahidi wake, yeye angekuwa wangu.

Tulikaa ukumbini tangu asubuhi. Ofisa alikuwa kijana safi, mpole, wa kutoka bara huko mbali, ana kompyuta ndogo ya kubonyeza kwa kidole. Nikaitwa mimi kwanza.

"Shikamoo mzee. Nieleze kwa ufupi ulichofanya vitani."

Nilifungua mdomo niseme viatu, wallahi. Akatoka luteni. Alitoka mwenyewe, kwa mazoea! Nikamsimulia kinamasi, mvua, matete, damu ilivyonitiririka mgongoni. Kijana akaacha kubonyeza, akanitazama kwa heshima ambayo sijawahi kuipata hata kwa wanangu.

"Mzee, hiyo ni nishani ya ushujaa. Hukuwahi kuidai?"

"Sisi hatukupigania nishani, mwanangu," nikajibu. Uso mkavu!

"Na huyu mwenzako aliye nje, yeye siku hiyo alikuwa wapi?"

Hapa ndipo nilipoanguka. Mtu akikuuliza habari za mtani wako, ulimi wetu unajua njia moja tu. Nikacheka, nikasema: "Huyo? Huyo alikuwa amejificha ndani ya sufuria la ugali! Tulimtoa na mwiko!"

Kwetu hata mtoto anajua kwamba hiyo ni salamu. Maana yake ni kwamba mtu huyo nampenda. Lakini yule kijana kwao hakuna watani wa namna yetu. Hakucheka. Aliinama, akabonyeza: jikoni.

Nilimwona anabonyeza! Hili ndilo ungamo langu hasa, mengine yote ni mapambo. Mpaka hapo ulikuwa utani, ningeweza kusema, "Mwanangu, futa, ninatania." Maneno hayo si mazito. Lakini kulifuta sufuria kungemtoa Baba Zuhura jikoni na kumrudisha kwenye kinamasi, na kinamasi kile kilikuwa na mbebaji mmoja tu. Nikaiona ile nishani ya ushujaa inaondoka. Nikafunga mdomo.

Akaitwa Baba Zuhura. Mimi niko pembeni, natazama dari.

"Mzee, mwenzako anasema yeye ndiye aliyembeba luteni, na wewe ulikuwa jikoni. Ni kweli?"

Baba Zuhura alinigeukia. Akangoja nicheke, niseme nilikuwa natania. Sikusema. Basi naye akafanya kile ambacho mtani anafanya mbele ya wageni. Hakunikana.

"Mtani wangu akishasema, mimi niongeze nini?" akasema, na akacheka kidogo.

Kijana akabonyeza tena.

Nikapata, jamani! Nishani ya vita na nishani ya ushujaa, zote kwa mpigo! Nilibandikwa kifuani mbele ya umati, bendi inapiga, nikakaa mbele, kiti kina mto, soda baridi. Yule fundi cherehani nikampungia mkono. Tangu siku hiyo sikuzivua. Nilizivaa kanisani, nikazivaa kwenye mkutano wa chama cha msingi cha wakulima, na nilipokwenda kulalamikia salfa, dawa ya mikorosho, iliyochelewa, walinisikiliza mimi kabla ya mwenyekiti. Nilizivaa kwenye palizi. Vijana wakipita wananiita Kamanda.

Baba Zuhura alijibiwa kwamba maombi yake hayakukidhi. Hata ile ya kawaida, ambayo fundi vifungo anayo, alikosa. Kumbe shahidi wake ndiye aliyesema alikuwa ndani ya sufuria, na waliohoji wakaona afadhali wasimpe kitu chochote mpaka waelewe sufuria lenyewe lilikuwa kikosi gani!

Akaja kwangu. Nilimwona anapanda njia kwa mguu, nikajiandaa. Nikafungua hata banda la kuku, nikasema leo achukue wote, yaishe. Hakutazama kuku. Alikaa kwenye mkeka, akakataa maji.

"Mtani," akasema, "kuku ukinichukulia, nafuga mwingine. Koti, nashona. Ile siku nilikuwa nayo moja tu."

Nikajitia kucheka. Yeye hakucheka. Miaka yote ile, ilikuwa mara ya kwanza kumwona mtani wangu ananuna, na kwa mila zetu kununa kwake kulikuwa kosa lake. Hata hilo alinibebea.

Nikaona aibu, jamani. Aibu inayokuamsha na kukunyima hamu ya ugali. Nikavaa suruali nzuri, nikavaa na medali zangu, nikaenda ofisini Newala kuungama.

"Mwanangu," nikamwambia aliyekuwa mezani, "nataka kusahihisha kumbukumbu zangu."

Akatazama. "Mzee, zako zimeshasahihishwa."

"Zimesahihishwa vibaya."

"Haiwezekani. Zimepitishwa."

"Luteni sikumbeba mimi. Alimbeba Baba Zuhura wa Chiwata."

"Una shahidi wa platuni yako?"

"Aliyebaki hai ni yeye Baba Zuhura."

Akabonyeza, akasoma, akatikisa kichwa. "Huyu siku hiyo alikuwa jikoni. Kuna ushahidi."

"Nani aliutoa?"

"Wewe."

"Basi nilidanganya!"

Yule mtu alinitazama kifuani, akatabasamu kwa huruma. "Mzee wangu, mtu mwenye nishani ya ushujaa hawezi kudanganya. Nyie wazee wa zamani mna unyenyekevu sana. Unataka kumwachia mwenzako sifa yako. Mungu akubariki." Akasimama, akanipigia saluti! Nikatoka pale nimepewa na soda.

Ningeweza kwenda mbele zaidi. Ningeweza kwenda Chiwata, nikusanye watu, niseme. Nilisema nitakwenda nikimaliza palizi. Baada ya palizi nikasema ngoja nimalize kupuliza dawa. Kisha korosho zikaanza kuanguka, na mnajua wenyewe, korosho zikianguka hakuna mtu anayekwenda mahali.

Nikiwa shambani naokota, simu ikaita. Baba Zuhura ameaga dunia.

Nilikimbilia Chiwata hivyo hivyo. Nilipofika maiti ilikuwa imeshaoshwa, jeneza liko uani, na watu wananingoja mimi. Mtani amekuja! Maana bila mtani msiba wetu hautoki. Wakanipa shati la marehemu nilivae juu ya shati langu, wakanisogeza mbele ya jeneza nilizuie lisiende makaburini, niseme mabaya yake, nidai ada yangu, kama ilivyo mila.

Nikasimama. Shati lake lilikuwa linanibana, kwa hiyo halikufunga vifungo. Nikasema moyoni, ni leo. Watu wote wa kwake wapo hapa. Nikapaza sauti.

"Haendi mtu hapa mpaka nimemtaja huyu mwizi!" Wakaanza kucheka. "Mwizi hayumo ndani ya jeneza! Mwizi ni mimi!" Wakacheka zaidi. "Luteni sikumbeba mimi! Alimbeba huyu! Mimi nilibeba viatu!"

Jamani! Uani palivunjika! Watu walishikana mabega kwa kucheka. Wazee waligonga fimbo chini. "Viatu! Mtani huyu ana maneno! Viatu!" Nikapiga kelele kwamba ni kweli, wakaangua kicheko kipya. Nikalia. Nililia kweli kweli, kamasi na machozi, na mama mmoja akasema, "Tazameni anavyojua kuigiza, Mungu amrehemu marehemu, kapata mtani!" Wakanirushia ada yangu chini, wakanisogeza pembeni kwa heshima, wakalibeba jeneza.

Wanaume wakaenda makaburini. Nilipoinua kichwa, Zuhura alikuwa amesimama mlangoni na kanga yake kichwani. Yeye peke yake hakuwa amecheka.

"Shikamoo, baba," akasema.

"Marahaba, mwanangu."

"Yale uliyosema ni utani, au ni kweli?"

"Ni kweli, mwanangu. Haki ya Mungu ni kweli tupu."

Aliniangalia pale ambapo shati la baba yake halikufunga.

"Kama ni kweli, baba, mbona umezivaa?"

Nilipitisha mkono kifuani na nikazikuta. Nilizivaa asubuhi kwenda kuokota korosho, na sikukumbuka hata kwamba ninazo. Zuhura aliingia ndani kuwahudumia waombolezaji, na mimi nikabaki pale uani.

Sasa nawaambia ninyi mnaosoma, hasa ninyi mlio na watani. Mtani ana haki ya kuku wako, ana haki ya koti lako, lakini usimchukulie kile ambacho hawezi kukifuga tena. Na kama umeshakichukua, usingoje palizi iishe! Usingoje msiba, maana huko utasema kweli na watakurushia sarafu. Kirudishe leo, mbele ya watu, akiwa mzima. Akutukane, akuzabe kibao, kisha achinje jogoo wako mle pamoja, yaishe. Wangu mimi amekwenda, hajanitukana.