Sauti Niliyoikuta Magongo

Nilikuwa nimeinama nachagua viazi sokoni Kongowea, Jumamosi asubuhi, niliposikia mtu ananiita kwa jina langu la utotoni. Mombasa nzima hakuna aniitaye kwa jina hilo isipokuwa mama yangu. Walimu wenzangu wa chekechea hawalijui. Hata mume wangu hajawahi kulitamka. Nilirudisha kiazi penye fungu lake, nikaanza kuondoka bila kugeuka, nikipenya katikati ya mikokoteni na magunia.

Mkono ukanishika bega.

"Haki ni wewe," mwanamke akasema. "Tuliketi dawati moja miaka minne. Mgongo wako naujua."

Nikageuka. Alikuwa amenenepa, amefunga leso juu ya koti la mvua, lakini meno yake ya mbele yalikuwa yaleyale, yenye mwanya. Rafiki yangu wa shule. Siku hizi anakaa Magongo, akaniambia. Kaka zake wanampakilia viazi kwenye lori huko bara, yeye anavipokea hapa na kuwauzia wenye vibanda. Aliongea haraka, na lafudhi ile ya kwetu ilinifanya nitake kumkumbatia na kukimbia, vyote kwa pamoja.

Ni lazima nieleze. Kwetu ni mji mdogo wa Bonde la Ufa, mahali ambapo asubuhi ukiongea unaona pumzi yako. Tuliondoka huko mwaka wa zile fujo za uchaguzi, nikiwa na miaka kumi na saba. Watu wa kabila la rafiki yangu walikuwa upande mmoja, watu wetu upande mwingine, na sisi ndio tuliochomewa. Tulilala kituo cha polisi, kisha kwenye mahema, kisha tukapanda basi kuja kwa shangazi yangu Kisauni. Tangu siku hiyo sijawahi kurudi.

"Unakaa wapi siku hizi?" akauliza.

"Likoni," nikasema.

Ninakaa Kisauni, mwendo mfupi tu kutoka pale tuliposimama. Sikupanga kudanganya, ulimi ulinitangulia.

Akaniambia kwamba watu wa kwetu walioko Pwani wameanza kukutana. Wa pande zote, akasema, na akalitia neno hilo mkazo. Mwezi huu wanakutana nyumbani kwake, Jumapili mchana. Hata mwalimu wetu wa hesabu atakuja. Amestaafu, anakaa Changamwe na binti yake. "Njoo tu. Tutakula, tutacheka, basi."

Nyumbani, mama alinisikiliza huku akichambua mchicha kwenye ungo. Nilidhani atanikataza. Akauliza ni nani mwingine atakuwepo, nikasema sijui. Akauliza kama nimewaambia tunakokaa.

"Nimesema Likoni."

"Umefanya vizuri," akasema. "Endelea kusema hivyo hivyo."

Kwa nini nilikwenda? Nimejiuliza sana. Nadhani ni kwa sababu Mombasa hakuna mtu niwezaye kumwambia, unakumbuka ile kengele ya shule iliyotengenezwa kwa rimu ya gari? Mume wangu ni mtu wa Rabai, mpole, ameniuliza mara chache kuhusu kwetu na kila mara nimemjibu kwa kifupi mpaka akaacha. Watoto wangu wanajua bahari na muhogo wa kuchoma. Baridi hawaijui. Nilitamani kukaa na watu ambao nisingehitaji kuwaeleza chochote.

Mume wangu ana tuktuk. Jumapili alinipeleka mwenyewe, tukavuka daraja, tukapita mjini, tukatokea Changamwe. Njia nzima nilikuwa nimeshika chuma cha pembeni hadi vidole vikaniuma.

"Mama watoto, una nini leo?" akauliza kupitia kioo.

"Sina kitu."

"Nikungoje?"

Nilitaka kusema ndiyo. Nikaona aibu, mtu mzima kungojewa mlangoni kama mtoto wa shule. Nikamwambia aendelee na shughuli zake, arudi saa kumi.

Ilikuwa nyumba ya kupanga yenye ua wa simiti, nyuma ya maduka ya barabara ya Magongo. Walikuwa wamefunga turubai kutoka ukutani hadi kwenye mti wa mpera, na chini yake viti vya plastiki. Walikuwepo watu kama ishirini. Nilimwamkia mwalimu kwanza. "Shikamoo, mwalimu." Akanishika mikono miwili, akasema marahaba, macho yake yamefifia lakini akanitaja jina sawasawa. Nikaketi karibu naye. Rafiki yangu akaniletea chai ya maziwa mengi, ya kwetu hasa, na kwa muda fulani niliona raha ambayo sijui nikueleze vipi. Mtu alimtaja yule mpishi wa shule aliyekuwa akitia maharagwe kwa kijiko kimoja na mawe kwa kijiko kingine. Nilicheka mpaka nikafuta machozi.

Ndipo nyuma yangu, mlangoni mwa jiko, mwanamume akasema, "M-mama, sahani ziko wapi?"

Maneno manne tu, na mkwamo ule mdogo kwenye neno la kwanza.

Nilikuwa nimeshika kikombe. Chai ikamwagika kwenye sketi yangu, ya moto, na sikuisikia. Nilikuwa tena mezani kwetu, mchana, tunakula ugali, na nje ya lango sauti hiyo hiyo inasema, "M-mzee, fungua. Tunajua mko ndani." Nyuma yake kulikuwa na sauti nyingine nyingi, vyuma vikigongwa kwenye mabati. Baba alitaja jina la yule kijana, polepole, kama mtu anayeuliza. Alikuwa mtoto wa jirani yetu wa bondeni. Miezi michache kabla alikuwa amemsaidia baba kujenga banda la ndama. Kisha baba akatusukuma, mama, mimi na mdogo wangu, kupitia mlango wa nyuma, naye akatufuata, tukaingia kwenye mahindi. Tulipofika juu ya kilima nikaona moshi wa nyumba yetu.

Sikugeuka. Nilitazama kandambili za mwalimu. Nikamsikia akipita nyuma ya kiti changu na sahani zinagongana, akienda upande wa pili, na hapo nikamwona: mwanamume wa makamo, upara umeanza, shati jeupe lililopigwa pasi vizuri. Akanitazama. Sahani akaziweka mezani moja moja, taratibu mno.

Nilitaka kumpigia mume wangu simu lakini nikakosea namba ya siri mara tatu. Nikajiambia nikae, nile, ninyamaze, saa kumi itafika. Chakula kilikuja. Nilitafuna nyama ile ile mpaka ikawa kama kitambaa mdomoni.

Baada ya kula, mwalimu akaanza kuuliza kila mtu anakaa wapi, ili wenye magari wawasaidie wasio nayo. Ndiyo tabia yake, hata shuleni alikuwa hivyo, kupanga watu. Akaanza na mimi.

"Likoni, mwalimu," nikasema. Ningesema nini tena mbele ya rafiki yangu?

"Ah, vizuri," akasema, na kumwelekeza kidole yule mwenye shati jeupe. "Huyu naye ni wa Likoni, na ana gari. Atakufikisha mpaka mlangoni."

Watu wakaitikia kwamba ni jambo jema. Wawili wakasogea kunipisha, kana kwamba safari ni sasa hivi. Sikukumbuka hata kusema kwamba mume wangu anakuja. Nilisimama, nikasema naenda msalani, nikatoka nje ya ua.

Pembeni ya lango kulikuwa na bomba la maji na madumu yamepangwa foleni. Nilishika ukuta. Ndege ilikuwa inashuka kuelekea uwanjani, chini kabisa, kelele zake zikafunika kila kitu, na zilipopungua nikamsikia amesimama nyuma yangu. Hakukaribia. Alikuwa amebaki langoni, mikono ameiweka mbele, wazi.

"S-sitakupeleka popote," akasema. "Usiogope. Nimekuja kukwambia hilo tu."

Nilirudi nyuma hatua moja, mpaka kwenye madumu.

"Umenijua."

"Baba alikujua," nikasema. Sauti yangu ilitoka nyembamba kama ya mtoto. "Alikujua kabla hujamaliza kusema."

Akatazama chini. Mwanamke mmoja akaja, akajaza dumu lake, akaondoka.

"Nilikuwepo," akasema. "Kiberiti hakikuwa changu. Lakini nilikuwepo, na mimi ndiye niliyewaita, kwa sababu walijua mzee angenifungulia mimi."

Hilo sikuwa nimelijua. Miaka yote nilikuwa nimefikiri kwamba sauti yake ilitangulia kwa bahati tu. Woga ukanijia upya, mbaya kuliko ule wa mwanzo, kwa sababu huu ulikuwa wa kitu ambacho kingeweza kutokea. Baba angefungua. Ilibaki kidogo tu afungue.

"Mzee yuko?" akauliza.

"Alifariki. Hapa hapa Mombasa."

Akachuchumaa pale langoni kama mtu aliyepigwa magotini. Hakulia, wala hakuniomba msamaha, na nilishukuru kwamba hakuomba, maana sikuwa na la kumpa. Nilichokuwa nacho ni hofu tu. Nilipita kando yake, nikikaza mwili nisiguse hata shati lake, nikarudi ndani.

Rafiki yangu alikuwa jikoni anaosha vyombo. Uso wangu ulimtosha.

"Ulijua?" nikamwuliza.

Alikausha mikono kwanza. "Nilisikia watu wakisema. Sikujua kwamba mlimwona."

"Na bado ukatuita wote wawili?"

"Nikimwambia huyu asije, nitamwambia nani aje?" akasema, kwa sauti ya chini ili walio nje wasisikie. "Kwetu karibu kila nyumba ilikuwa na mmoja. Hata yetu. Unadhani mimi sikuogopa pale sokoni, nilipokuita? Nilidhani utanitemea mate."

Kaka yake mkubwa, nikaelewa. Yule yule ninayenunua viazi vyake kila Jumamosi bila kujua. Nilisimama pale na sabuni ikinukia, nikamtazama huyu aliyekuwa akinigawia nusu ya andazi lake mapumzikoni, na sikujua kama ninataka kukaa au kutoroka. Nikachukua kitambaa, nikaanza kupangusa sahani. Tulizimaliza zote. Wakati huo nje nilisikia gari likiwashwa, na kutoka dirishani nikaona shati jeupe likiondoka peke yake.

Mume wangu alichelewa. Alipofika nilikaa kiti cha nyuma, na tulipofika darajani nikamwambia kila kitu, kuanzia mlango wa nyuma na mahindi. Alizima injini kando ya barabara, upande wa pili wa daraja, akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Ungeniambia nikungoje," akawasha injini.

Mama nilimwambia usiku huohuo, kwa sababu alikuwa amekaa macho kunisubiri. Nilimwambia ni nani. Nilimwambia pia kwa nini yeye ndiye aliyetumwa kuita. Nilitarajia alie, au anikaripie kwa kwenda. Alivuta leso yake mabegani, akakaa.

"Mama yake yu hai?" akauliza.

Sikuwa nimeuliza. Halikunijia hata kidogo. Yule mama wa bondeni alikuwa rafiki wa mama yangu. Walikuwa wakibebeana kuni, wakazalishana. Tangu siku ile mama hakuwahi kumtaja.

Ilinichukua wiki mbili kumpigia rafiki yangu simu. Yu hai, akaniambia, ila miguu haiendi tena, na akanipa namba. Nilimpa mama nikitumaini ataiweka tu. Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, akaniambia nimpigie.

Walizungumza lugha yetu, ambayo mama yule aliijua tangu enzi za ujirani. Mwanzoni, kwenye spika ya simu, nilisikia pumzi tu upande wa pili. Kisha mama akasema salamu ndefu, ile ya asubuhi, inayouliza habari za ng'ombe na za watoto na za mvua. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na mlango, na nikajikuta nimeshika komeo, nalisukuma nihakikishe limefungwa, mchana kweupe. Mpaka leo nafanya hivyo kila wanapozungumza.

Binti yangu mdogo akatoka chumbani, akamtazama nyanya yake kwa mshangao. Hakuwahi kumsikia akisema lugha ile kwa sauti kubwa namna hiyo.

"Nyanya anazungumza na nani?" akaniuliza.

"Na jirani," nikamjibu.